Samaki wa Tanganyika sebuleni Tabata: tangi, maji, na nani akae na nani

Mi nimezaliwa Kigoma. Utotoni tukimaliza kusaidia kuanika dagaa tunaenda kuogelea upande wa Katonga kwenye mawe, na maji ya Tanganyika siku ikitulia unafungua macho chini unaona kila kitu, kuna samaki weusi wanakwangua jiwe mfululizo kama wamelipwa, kuna wembamba wenye mistari wanatembea wamelala ubavu wameshikamana na mwamba, na kwenye mchanga kuna vidogo vinachungulia kutoka kwenye makombe ya konokono, ukisogeza mkono tu vyote ndani. Hatukuwa na majina yao. Kwetu samaki alikuwa dagaa, migebuka na kuhe, hao wengine tuliwaita visamaki vya mawe basi.

Nimekuja kujua majina yao nikiwa Dar, mtu mzima, na nilijulia dukani. Niliingia duka moja la samaki wa mapambo kumsubiri rafiki yangu, nikamuona yule mwembamba wa mistari ndani ya kioo, muuzaji akaniambia huyo anatoka Ulaya. Nikamwambia kaka huyo ni wa kwetu Kigoma, hakuniamini. Kumbe tulikuwa sahihi wote wawili maana hawa samaki wamekuwa wakisafirishwa kwenda Ulaya na Marekani miaka na miaka, Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa anawatuma kutoka Burundi miaka ya 70, mpaka kuna samaki amepewa jina lake, Neolamprologus brichardi, na wakifika huko wanazalishwa kwenye matangi afu vizazi vyao vinauzwa dunia nzima. Siku ile niliumia kidogo kwa kweli. Nikatoka na samaki sita na tangi la lita 80.

Naandika hii kwa sababu wale sita walikufa wote ndani ya miezi miwili, na nimeona watu wengi wanapita njia hiyohiyo niliyopita mimi, wanachagua samaki kwa rangi.

Kwanza tuelewane. Hawa samaki wanaitwa siklidi, na usidhani ni kitu kigeni, sato na perege wa kwenye sahani yako nao ni siklidi. Ila wale wa mapambo wanaosifika wanatoka zaidi kwenye maziwa yetu makubwa matatu, na kila ziwa lina ukoo wake. Tanganyika ina aina zaidi ya 200 na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Nyasa ina mamia kwa mamia, huko ndo wanatoka mbuna, jina lenyewe ni la Watonga wa pwani ya ziwa upande wa Malawi, samaki wa mawe hao wenye rangi za bluu na njano kali. Victoria ina furu, na furu habari yao inasikitisha, watu wa Mwanza wanaijua, sangara aliletwa ziwani miaka ya 50 na kufika miaka ya 80 alishawala furu kwa kiasi ambacho wataalamu wanahofia aina kama 200 zimepotea kabisa. Kuna furu leo wanaishi kwenye matangi ya watu Ulaya na ziwani hawaonekani tena. Kila nikifikiria hilo naona kufuga samaki vizuri sio mchezo wa kupamba sebule tu.

Sasa kwenye lile tangi langu la kwanza niliweka auratus wawili, hao ni mbuna wa Nyasa, jike na dume wa Aulonocara nao wa Nyasa, na Tropheus wawili wa Tanganyika. Ukiwaangalia dukani wanapendeza pamoja. Auratus ni katili, hilo nililijua wiki ya pili nilipokuta Aulonocara dume amekaa pembeni juu kabisa karibu na filta, mapezi yamechanika. Na mi kwa upendo kabisa nilikuwa nasaga dagaa nawapa wote asubuhi na jioni. Tropheus kazi yake ziwani ni kula mwani wa kwenye mawe kutwa nzima, utumbo wake ni mrefu sana, umetengenezwa kwa majani, ukimlisha nyama nyama tumbo linavimba, anaacha kula, anatoa choo cheupe kama uzi na baada ya siku chache amekwenda. Mmoja akafa, wa pili akafuata.

Nilipompigia mjomba wangu simu, yeye ni mvuvi mpaka leo, nikamweleza, akasema "mjomba, sasa we si umechukua wa Nyasa na wa huku ukawaweka chumba kimoja, wale wa huku wenyewe kwa wenyewe hawaelewani, anayekaa jiwe hili hapiti jiwe lile." Akaniambia nikitaka kuwafuga nikumbuke tulipokuwa tunaogelea nani alikuwa anakaa wapi. Hiyo simu ndo iliyonifundisha kuliko video zote nilizowahi kuangalia, na ndo nilianza upya nikiwa na swali moja tu, huyu samaki ziwani anaishi wapi, anakula nini na jirani yake ni nani.

Tangi la pili nilimpa kazi fundi wa vioo, sentimita 120 kwa 50 kwa 50, hiyo ni lita 300, kioo cha milimita 10 chenye mkanda wa kioo juu wa kushikilia. Urefu wa chini ni muhimu kuliko kina, siklidi wanagombania ardhi sio maji, kwaiyo tangi refu jembamba kwenda juu linapendeza kwa macho ila kwao ni chumba kidogo. Mwambie fundi atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, ile ya bafuni ina sumu kwa samaki, na akimaliza muache ikauke wiki nzima hata akikwambia kesho unaweza kuweka maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwaiyo lita 300 ni kilo 300, ongeza kioo, mawe na mchanga unakaribia kilo 400, usiweke kwenye kabati la tivii jamani, mi nilichomelewa stendi ya mabomba ya mraba nikaisawazisha kwa pima maji kabla ya chochote.

Mawe yanatangulia, mchanga baadaye. Hapa watu wengi wanakosea, wanamwaga mchanga afu wanapanga mawe juu yake, sasa siklidi wanachimba, anatoa mchanga kwa mdomo kidogo kidogo usiku kucha mpaka chini ya jiwe panabaki uwazi, jiwe linalala, linapasua kioo au linamkandamiza samaki. Mi niliweka karatasi ya foamu nyembamba chini kwenye kioo, mawe yakakaa juu ya foamu yakiwa yameegemeana imara kiasi kwamba nikisukuma kwa mkono hayatikisiki, ndo nikamwaga mchanga kuzunguka. Mawe ya chokaa na ya tumbawe yanafaa sana maana yanasaidia kupandisha pH (kipimo cha asidi ya maji, 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni kinyume cha asidi) na kuishikilia, ukitaka kujua kama jiwe lina chokaa lidondoshee siki, likitoa mapovu ni lenyewe. Ila tumbawe lina ncha kali, nilipiga piga zile ncha na nyundo kwanza. Mchanga wangu ni mweupe wa baharini, niliosha kwa maji ya bomba zaidi ya mara kumi mpaka ndoo ikawa safi kabisa bila chumvi.

Maji. Tanganyika ni ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400, ni la pili duniani kwa kina, na maji yake yamekaa humo muda mrefu yakikusanya madini, pH yake inacheza 8.6 mpaka 9 na kitu, Nyasa iko chini kidogo, kama 7.8 mpaka 8.6. Maji yangu ya bomba yalisoma 7.4. Kuna jamaa alinishauri nitumie maji ya kisima kwa kuwa ni mazito, yaani yana madini mengi, nikayaonja, chumvi tupu, na visima vingi vya Dar ndo vilivyo, hiyo ni chumvi ya baharini sio madini ya ziwa, usidanganyike. Nilichofanya ni kukinga maji ya bomba kwenye pipa, kutia dawa ya kuondoa klorini, kuyapigia hewa siku nzima, afu naongeza bekingi soda kijiko cha chai kwa kila lita 40 na chumvi ya Epsom (ya magnesiamu) kidogo, napima, nasubiri, napima tena. Muhimu kuliko namba yenyewe ni isipande na kushuka. Samaki anayeishi 8.4 isiyobadilika ana raha kuliko anayeishi leo 9 kesho 7.8.

Afu subira sasa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Tangi likishajaa maji halijawa tayari. Choo cha samaki na chakula kilichobaki vinakuwa amonia, kuna bakteria wanaigeuza kuwa nitriti ambayo nayo ni sumu, wengine wanageuza nitriti kuwa nitrati ambayo ina nafuu, na hao bakteria wanachukua wiki nne mpaka sita kujazana kwenye filta. Kwa samaki wa kawaida watu wanaruka hii hatua na wakati mwingine wanapona, kwa siklidi wa maziwa yetu huponi, kwa sababu amonia ukali wake unategemea pH. Kwenye pH 7 sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1, kwenye pH 9 inapita theluthi. Maji yaleyale, choo kilekile, lakini sumu ni mara hamsini na zaidi. Mi nilikuwa natupia chakula kidogo kila siku kwenye tangi lisilo na samaki, nikaomba kipande cha sponji chafu kwa mtu mwenye tangi la zamani nikakiweka ndani ya filta yangu, na bado nilisubiri wiki tano mpaka vipimo vikaonyesha amonia sifuri na nitriti sifuri. Majirani walikuwa wanakuja wanauliza hawa samaki wako wapi, nawaambia wanakuja.

Hita hapa Dar sahau. Tatizo letu ni joto kuzidi, Januari na Februari maji yangu yalifika nyuzi 31, na maji yakiwa ya moto yanabeba oksijeni kidogo, unaona samaki wamepanda juu wanahema. Nilifunga feni mbili ndogo za kompyuta zinapuliza juu ya maji, zinashusha nyuzi mbili tatu hivi, ila maji yanapungua haraka, na yanayopungua unajazia maji matupu yasiyo na madini kwa sababu madini hayaondoki na mvuke. Umeme ukikatika filta inasimama na bakteria wako nao wanahitaji oksijeni kama samaki, kwaiyo nina pampu ya hewa ya betri imening'inia ukutani, inawaka yenyewe. Hiyo nunua kabla ya kununua samaki.

Haya sasa samaki.

Nilichora tangi kwenye karatasi nikaligawa kama lile eneo la Katonga. Kushoto rundo la mawe yenye mapango. Kulia mchanga mtupu na makombe. Katikati na juu, maji ya wazi. Sehemu tatu, kila sehemu na mwenyeji wake, na wasiwe wanataka kitu kimoja.

Kwenye mchanga niliweka Lamprologus ocellatus, dume mmoja majike watatu. Hawa wanaishi ndani ya kombe la konokono maisha yao yote, na kila mmoja anataka kombe lake kwaiyo niliweka makombe kumi. Makombe ya kule ziwani ni ya konokono anaitwa Neothauma, mi nilitumia ya hawa konokono wakubwa wa bustanini, yale madogo madogo, nikayachemsha na kuyasugua. Siku ya kwanza tu dume alilikagua kombe, akalisukuma kwa mdomo, akageuka akaanza kupiga mchanga kwa mkia mpaka kombe likazama likabaki tundu tu. Samaki wa sentimita tano. Nilikaa pale kwenye kiti saa nzima nikachelewa kazini.

Kwenye mawe nina Julidochromis marlieri, jozi moja, ndo yule mwembamba wa mistari wa utoto wangu. Jike lake ni kubwa kuliko dume, na wakishaoana usiwatenganishe wala usihamishe mawe yao hovyo, ukipangua nyumba wanagombana mpaka mmoja anaweza kufa. Kununua jozi, nunua vidogo sita uwaache wachaguane wenyewe, ukiona wawili wanakaa pango moja wengine uwatoe.

Juu nina Cyprichromis leptosoma kumi na wawili. Hawa ni wa maji ya wazi, wanaenda kundi, wapole sana, na wanatuliza tangi zima maana wale wa chini wakiona kundi linaelea juu bila hofu na wao wanatoka. Wawili watatu hawatoshi, wanakuwa waoga. Na wanaruka, lazima mfuniko, nilimkuta mmoja sakafuni asubuhi na tundu lenyewe lilikuwa la waya wa pampu tu. Majike wanabeba mayai mdomoni kama wiki tatu bila kula vizuri, ukimuona kidevu kimevimba na hataki chakula usimpe dawa, ni mama huyo.

Wa mwisho ni Altolamprologus compressiceps mmoja, bapa kama kaukunjwa, anapita kwenye nyufa ambazo huamini. Anakula vifaranga, hilo lijue, mi nimekubali kwa sababu bila yeye Julidochromis wangejaza tangi. Watu wazima wenzake hawagusi. Anakua polepole mno, mwaka mzima kaongezeka kidole kimoja.

Sasa ambao sikuwaweka na sababu zake, maana maswali mengi yanakuja hapa. Frontosa, yule mkubwa wa Kigoma mwenye mistari saba na nundu kichwani, nampenda kuliko wote, lakini anapita sentimita 30 na ziwani chakula chake kimojawapo ni haohao Cyprichromis, anawafuata gizagiza wakiwa bado wamezubaa. Utaniambia nimeona tangi la mtu wanakaa pamoja, sawa, wakiwa wadogo. Tropheus wanataka tangi lao, kundi la 12 au 15 na kuendelea ili ubabe ugawanyike, na chakula cha mwani tu, spirulina, hakuna minyoo hakuna dagaa. Brichardi niliumia kuwaacha kwa sababu wana tabia moja nzuri sana, watoto wakubwa wanabaki nyumbani kulea wadogo zao, wanafukuza maadui pamoja na wazazi, ila hiyo familia ikishafika thelathini inachukua tangi zima na wengine wote wanasukumwa kona. Wanastahili tangi peke yao.

Na mbuna usichanganye na hawa hata kama pH inakaribiana, kasi yao ya kula na ugomvi wao ni mwingine kabisa, Cyprichromis hatapata hata punje. Ukitaka mbuna chagua mbuna tangu mwanzo. Weka mawe mengi mpaka juu, wajaze kiasi tangi la lita 300 liwe na 15 mpaka 20 ili mbabe asipate mmoja wa kumkalia, badilisha maji mengi kila wiki kwa sababu ya huo wingi, dume mmoja kwa majike watatu wanne kila aina, na usiweke aina mbili zinazofanana rangi maana dume anampiga yeyote anayefanana naye. Labidochromis wa njano ni mpole wa kuanzia. Demasoni, kale kadogo ka bluu kenye mistari meusi, kanatoka upande wetu wa Tanzania wa Nyasa, ni kazuri mno ila ukiwaweka watano watauana wabaki wawili, weka 12 au usiweke. Auratus kwa anayeanza hapana.

Kuwapata, mi nilingoja miezi. Nilinunua kwa mtu mwenye leseni ya kukusanya na kusafirisha samaki wa mapambo, wakaja kwa ndege kwenye mifuko ya oksijeni, hawajalishwa siku mbili ili wasichafue maji njiani. Nikafika nao nyumbani saa mbili usiku, nikazima taa, nikaweka mifuko ielee, nikawa nadondoshea maji ya tangi tone kwa tone kwa mpira wa dripu muda wa saa moja na nusu. Ukichoka na samaki wako mrudishie muuzaji au mpe mwenzio, usimwage mtoni wala ziwani, tumeshaona Victoria.

Mjomba alikuja Dar mwezi wa tano kwa matibabu ya macho, akafikia kwangu. Jioni ya kwanza hakuongea sana, akavuta kiti akakaa karibu kabisa na kioo. Ocellatus alikuwa amepata vifaranga wiki ile, vinatoka mlangoni mwa kombe vidogo kama punje za mchele, mama anasogea mbele yao kila kivuli kikipita. Mjomba akaweka kidole kwenye kioo, yule mama akakivamia, mapezi yote yamesimama. Mjomba akacheka akasema "huyu alikuwa ananing'ata vidole vya miguu nikivuta nyavu." Kesho yake asubuhi nimeamka saa kumi na mbili kwenda kuwalisha nikamkuta ameshakaa palepale, taa imewashwa, anahesabu vifaranga kwa sauti ya chini, amefika kumi na saba.